Daktari wa jicho moja na uvimbe wa taya

Sisi tuliosomea Uganda enzi za ukimbizi tulizoea kusikia jina la Mulago kila mtu alipougua sana. Hapo ndipo mwaka 1957 daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, alipoitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, akapoteza jicho moja akiwa na miaka 11. Alifika Uganda 1946, akaanzia kazi Lira.

Wiki chache baada ya kumwona yule mtoto, akiwa hospitali ya Jinja, alitazama dirishani akamwona mwingine mwenye uso ule ule. Kisu hakikusaidia. Uvimbe ulirudi na watoto wakafa.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakaenda maili 10,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wenzetu wanaovusha mizigo mipakani wanaijua adha hiyo, tena hizo zilikuwa barabara za wakati ule! Waligundua kuwa ugonjwa uko kwenye joto na mvua, na ni nadra kwenye nyanda za baridi.

Mapema mwaka huo alikuwa ametoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwepo. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege. Desemba 1963 ukungu uliichelewesha ndege, ikatua Manchester. Mzigo ulipofika maabara maji yake yalikuwa na ukungu pia, kama yaliyooza. Epstein hakuyamwaga. Aliyapima kwa hadubini, akakuta seli hai zinaelea. Ndani ya seli zilizooteshwa kutokana na uvimbe huo, mwaka 1964, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi.

Lakini mama aliyekaa na mwanawe wodini hangeweza kungoja kirusi. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, hivyo Burkitt alijaribu dawa kutoka Marekani, kama methotreksati. Baadhi ya watoto walipewa dozi moja au mbili tu, wakapona kabisa. Mwaka 1967 kilianzishwa Mulago kituo cha kutibu uvimbe huo, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Burkitt alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia. Alifariki Uingereza mwaka 1993.

Mwanafunzi wangu mmoja alilegea meno, taya ikavimba. Aling'olewa meno mawili kabla ya mtu yeyote kuwaza saratani.