Mtawa Aliyehesabu Njegere

Mkulima wa Shinyanga huchagua mbegu zake kabla ya mvua, maana ajua ya kuwa mmea hufanana na mzazi wake. Lakini pengine huota mmea usiofanana na wazazi. Aliyevumbua kwanza kanuni ya jambo hilo ni Gregor Mendel.

Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika nchi iliyotawaliwa na Austria. Baba yake alikuwa mkulima asiye na mali, hata kijana akasoma huku njaa ikimwuma. Mwaka 1843 akaingia nyumba ya watawa mjini Brno. Alitaka kuwa mwalimu, lakini mwaka 1850 akashindwa katika mtihani. Basi akapelekwa Vienna kuongeza elimu ya mimea na hesabu.

Aliporudi, mwaka 1856, akaanza kupanda njegere bustanini. Akachukua aina mbili, moja yenye mbegu za mviringo na nyingine yenye mbegu zilizokunjamana, akazichanganya kwa kupaka chavua kwa mkono. Mbegu zote zilizopatikana zikawa za mviringo. Je, mikunjo ilipotea? Mendel akazipanda hizo, akahesabu mazao yake: za mviringo 5,474, zilizokunjamana 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Hapo akatambua ya kwamba mikunjo haikupotea, bali ilijificha, na ya kwamba kila mmea hupokea urithi kwa baba na kwa mama pia.

Mwaka 1865 akawasomea wataalamu wa Brno habari hizo. Wakamsikiliza, lakini hawakuona uzito wake. Mendel akafa mwaka 1884, wala hakusifiwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1900 wataalamu watatu wakapata matokeo kama yake, ndipo maandishi yake yakafufuka.

Mwaka 1990 wataalamu wa Uingereza wakaeleza sababu ya mikunjo. Njegere hizo zimekosa kimeng'enya kimoja kinachosaidia kujenga wanga. Kwa hiyo sukari huzidi ndani yake, huvuta maji mengi, na mbegu huvimba. Ikikauka, hunywea na kukunjamana.

Elimu ya urithi ikafika hata Ukiriguru, karibu na Mwanza, ambako zilizalishwa aina za pamba ziitwazo UK, zikalimwa Shinyanga na Geita. Mendel hakuyaona mashamba hayo, lakini hesabu yake ya bustanini imewafaa wakulima wake.