Pilipili Mulongoy, Fundi wa Samaki na Ndege

Mara hii tunataka kuwaelezea maisha ya mtu wa Katanga yetu, Pilipili Mulongoy. Alizaliwa mwaka 1914, akafa 2007.

Pilipili hakuanza kazi hii akiwa mtoto wa kalasi. Miaka yake ilikuwa imepita 30 wakati Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua fasi ya kuchora ku Élisabethville, njo Lubumbashi ya leo. Ilikuwa 1946. Fasi ile waliiita Hangar.

Mzungu yule alikuwa na desturi yake. Hakuwapa wanafunzi sanamu za Ulaya ili wazifuatishe. Aliwapa rangi, kisha akawaacha watafute katika vitu walivyoviona wao wenyewe: mto, pori, wanyama. Kwa hiyo nyumba ilikuwa moja, lakini kila mtu alitoka na mkono wake. Bela alichora kwa vidole, bila brosi. Mwenze Kibwanga alijaza sanamu zake na mistari. Pilipili, yeye, alitawanya alama ndogo ndogo nyuma ya wanyama, mpaka maji na majani yakawa kama kitambaa cha maua.

Alichora samaki, ndege, mamba na nyoka. Na hakuficha kitu: katika sanamu zake mnyama anawinda mwenzake, mkubwa anakula mdogo. Rangi zinapendeza macho, lakini hatari iko palepale. Mtu aliyeishi karibu na pori anajua kwamba njo vile.

Desfossés alikufa 1954. Mwalimu akikufa, wengi wanaacha kazi. Pilipili hakuacha. Aliendelea, na yeye pia akafundisha wengine katika shule ya sanaa ya mji ule. Mwaka 2015, miaka nane baada ya kufa kwake, sanamu zake zilionyeshwa Paris pamoja na za wachoraji wengine wa Kongo.

Wapendwa, kuna watu wanaowaza kwamba kuchora vizuri ni kufuatisha theluji na miti ya Ulaya iliyo ndani ya vitabu. Sisi hapa Sandoa tuko na Lulua, tuko na samaki wake na ndege wake. Mwenye kipaji asingoje kitabu kifike. Ashuke ku mto, aangalie sana, kisha achore.