Soichiro Honda: Mtoto wa mhunzi aliyeshusha bei ya pikipiki bila kushusha ubora

ANAYETAFUTA pikipiki yake ya kwanza Kampala, Kigali, Mwanza au Kisumu hukutana na swali lile lile dukani. Achukue ya bei ya chini ambayo huenda ikamrudisha gereji kila wiki, au aongeze fedha, pengine za mkopo, apate chombo cha kudumu? Kwa mwendesha bodaboda hilo ni swali la chakula cha watoto. Siku ambayo pikipiki imelala gereji, marejesho ya mkopo hayalali.

Mtu aliyehangaika na swali hilo karibu maisha yake yote ni fundi wa Japani, Soichiro Honda. Jina lake limeandikwa kwenye mamilioni ya matangi ya mafuta duniani, lakini wengi wanaolisoma hawajui kuwa lilikuwa la mtu, tena mtu ambaye bidhaa zake za kwanza zilikataliwa kwa ubora duni.

Alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, mkoani Shizuoka. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi aliyetengeneza pia baiskeli. Mtoto huyo alikulia kwenye vumbi la makaa na mlio wa nyundo. Gari la kwanza lilipopita kijijini alilikimbilia, likamwacha, akabaki akinusa oili iliyodondoka barabarani.

Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alikwenda Tokyo kujifunza ufundi katika gereji ya Art Shokai. Miezi ya kwanza hakushika spana, kwani alipewa kazi ya kulea mtoto wa mwenye gereji. Alivumilia, akajifunza, na mwaka 1928 akapewa ruhusa ya kufungua tawi la gereji hiyo mjini Hamamatsu.

Ringi 47 zilizokataliwa

Mwishoni mwa miaka ya 1930 alichoka kutengeneza vya wengine, akaamua kuzalisha ringi za pistoni. Ringi ni kipuri kidogo, lakini ndiyo inayoziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Ikiwa laini mno huisha haraka. Ikiwa ngumu mno huvunjika na kukwangua silinda.

Alipopeleka ringi 50 kukaguliwa na kampuni ya Toyota, zilizopita zilikuwa tatu tu. Mikono yake ilijua kazi, ila hakujua kilichomo ndani ya chuma chenyewe. Mwenye gereji yake, mtu mzima, alijiandikisha katika chuo cha ufundi cha Hamamatsu akakaa darasani na vijana. Alisikiliza yale tu yaliyohusu ringi zake na mitihani hakufanya, hivyo akakosa cheti. Lakini ringi zake zilianza kukubaliwa.

Vita Kuu ya Pili ilimrudisha nyuma. Kiwanda chake kilipigwa mabomu, kisha tetemeko la ardhi la Januari 1945 likabomoa kingine. Vita vilipokwisha, aliiuzia Toyota kilichobaki.

Mwaka 1946 Japani ilikuwa na treni zilizofurika watu na petroli ya mgawo. Honda alipata injini ndogo zilizokuwa zikizalisha umeme wa redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Ziliponunuliwa zikaisha, alianza kutengeneza za kwake. Septemba 24, 1948 aliunda kampuni ya Honda Motor, na mwaka uliofuata akatoa pikipiki iliyoitwa Dream. Mwaka huo huo alimpata Takeo Fujisawa, aliyebeba masuala ya fedha na mauzo ili Honda abaki na injini zake.

Bei ilikatwa wapi?

Mwaka 1954 kampuni ilikaribia kuanguka. Skuta yake mpya, Juno, ilikuwa nzito na injini yake ilichemka kupita kiasi. Katika hali hiyo, Honda alitangaza kwamba kampuni yake itashiriki mashindano ya Isle of Man, yaliyokuwa kipimo kikubwa cha pikipiki Ulaya. Mwezi Juni alikwenda kuyatazama, akakuta injini za Wazungu zina nguvu takriban mara tatu ya zile alizofikiria. Alirudi na mizigo ya minyororo, matairi na kabureta za kuchunguza. Timu yake ilishiriki mwaka 1959, na mwaka 1961 ilichukua nafasi tano za kwanza katika madaraja ya cc 125 na cc 250.

Kazi iliyobadilisha maisha ya watu wa kawaida, hata hivyo, ni Super Cub ya Agosti 1958. Fujisawa alitaka pikipiki ambayo kijana wa kupeleka vyakula angeiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika sinia. Honda alimpa injini ya cc 50, gia tatu na klachi inayojiendesha yenyewe bila mkono. Iliuzwa yen 55,000.

Pikipiki ndogo nyingi za wakati ule zilitumia injini ya mipigo miwili, ambayo ni rahisi kuunda lakini huchoma oili pamoja na petroli na kutoa moshi mwingi. Honda alichagua ya mipigo minne, ngumu zaidi kuunda, inayotumia mafuta kidogo na kudumu. Barabara nyingi za Japani hazikuwa na lami, hivyo alitaka magurudumu ya inchi 17, kipimo ambacho kilibidi kitengenezewe matairi mapya. Kwenye injini na magurudumu hakubana matumizi.

Alibana kwenye kinga ya miguu, iliyotengenezwa kwa plastiki badala ya bati, ikawa nyepesi na rahisi. Alibana pia kwa wingi wa uzalishaji. Kiwanda cha Suzuka kilichokamilika mwaka 1960 kilijengwa kutoa pikipiki 30,000 kwa mwezi. Gharama za mashine ziligawanywa kwa pikipiki nyingi, na bei ikashuka bila chuma kuguswa.

Aibu ya Marekani

Somo halikuishia hapo. Kampuni ilifungua ofisi Los Angeles mwaka 1959, ikategemea kuuza pikipiki zake kubwa. Wamarekani waliziendesha mbali na kwa kasi kuliko Wajapani, na mapema mwaka 1960 zikaanza kuvujisha oili na kuharibu klachi. Kampuni ilizisafirisha kwa ndege kurudi Japani. Wahandisi walifanya kazi usiku na mchana, na katika muda wa mwezi mmoja wakabadilisha gasketi ya silinda na springi za klachi. Iliyookoa biashara wakati huo ni ile ndogo, Super Cub, iliyouzwa chini ya dola 300.

Mwaka 1969 Honda alitoa CB750, pikipiki kubwa yenye silinda nne, stata ya umeme na breki ya diski ya mbele, kwa dola 1,495. Vitu vilivyohesabiwa kuwa anasa sasa vilikuja na pikipiki ya kiwandani ambayo mfanyakazi angeweza kuikusanyia fedha.

Hakuwa mtu mwepesi. Aling'ang'ania injini za gari zinazopozwa kwa hewa hata wahandisi vijana walipomwonyesha kuwa maji ni bora. Fujisawa ndiye aliyemtaka achague kuwa rais wa kampuni au mhandisi. Honda alichagua urais, akawaachia vijana kazi. Wote wawili walistaafu mwaka 1973, kisha Honda akazunguka viwanda na maduka ya kampuni kote Japani kuwashukuru wafanyakazi.

Kruza ya mwenye kipato kidogo

Pikipiki za starehe aina ya kruza, zenye kiti cha chini na usukani mpana, zilikuwa himaya ya Harley-Davidson ya Marekani. Kati ya mwaka 1969 na 1981 kampuni hiyo ilimilikiwa na AMF, uzalishaji ukaongezwa haraka, na wateja wakalalamikia kuvuja kwa oili. Bei ilikuwa ya hadhi, ubora ukawa nyuma yake. Aprili 1983 serikali ya Marekani iliilinda kwa kupandisha ushuru wa pikipiki kubwa za nje, zaidi ya cc 700, kutoka asilimia 4.4 hadi 49.4.

Ushuru pekee haukutosha. Wakuu wa Harley walikwenda Ohio kutazama kiwanda cha Honda, wakabadilisha namna yao ya kuzalisha, na mwaka 1987 wakaomba wenyewe ushuru huo uondolewe kabla ya muda wake.

Wakati huohuo, mwaka 1985, kampuni aliyoiacha Soichiro ilitoa Rebel 250, kruza ndogo ya cc 234. Ilikuwa na umbo la pikipiki ya kitajiri, lakini fedha ziliokolewa kwenye ukubwa wa injini na breki ya nyuma ya kawaida. Injini yenyewe ilikuwa rahisi na imara kiasi kwamba shule za kufundisha uendeshaji Marekani ziliitumia kwa miaka mingi, ikiangushwa na wanafunzi na kuinuliwa tena.

Honda alifariki Agosti 5, 1991 akiwa na umri wa miaka 84. Aliacha agizo kwamba kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa kuwa mtengenezaji wa magari hapaswi kusababisha msongamano barabarani.

Katika miaka ile ya 1960 Suzuka ikizalisha Super Cub, vijana wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walikuwa wakivusha abiria kwa baiskeli, kazi iliyozaa neno bodaboda. Leo pikipiki nyingi katika ukanda wetu zinatoka India na China, na Honda yenyewe iliwahi kuunganisha zake Kenya kuanzia mwaka 2013. Majina kwenye matangi yameongezeka, lakini mnunuzi bado ana swali la mtoto wa mhunzi: bei hii imeshuka kwa kupunguza nini? Kama ni plastiki, rangi na mapambo, anaweza kulipa na kuondoka nayo. Kama ni ringi, klachi, breki na fremu, alichopunguziwa dukani atakilipa gereji.