John B. Stetson: kofia iliyozaliwa machimboni

Kwetu Kivu ya Kusini kofia haivaliwi ovyo. Mzee wa bwami kule Shabunda ao Mwenga, cheo chake kinaonekana kichwani, na ile kofia ya chui ya Maréchal Mobutu hakuna asiyeikumbuka. Lakini ile kofia ya cowboy, yenye ukingo mpana, watu wa inchi yetu waliijua kwa njia ya sinema. Miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville walijiita Bills na kuiga wale macowboy. Mtu aliyeitengeneza aliitwa John B. Stetson. Sisi wa sendika ya wachimbaji tunasimulia maisha yake juu kofia yake ilianzia pahali tunapopajua vizuri: machimbo ya zahabu.

Stetson alizaliwa mwaka 1830 kule Orange, jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake alikuwa fundi wa kofia, na mtoto alijifunza kazi akiwa angali mdogo. Kisha akashikwa na kifua kikuu. Waganga walikata tamaa juu yake. Akaona heri aende magharibi kuiona inchi mbele ya kufa. Huko akajiunga na watu waliokimbilia zahabu ya Pikes Peak, karibu mwaka 1859.

Wanasimulia kwamba kambini, mvua na baridi viliwatesa wachimbaji, na ngozi walizojifunika zilikuwa zinanuka. Stetson akanyoa manyoya ya wanyama, akayalowesha maji, akayakandamiza na kuyatumbukiza katika maji ya moto mpaka yakashikamana kama kitambaa, bila kufuma hata uzi moja. Kitambaa hicho kinaitwa felti. Akatengeneza nayo kofia yenye ukingo mpana. Wenzake walicheka kwanza. Lakini mpita-njia moja aliyepanda farasi aliipenda, akainunua kwa dola 5 za zahabu.

Zahabu yenyewe haikumtajirisha. Afya ilipomrudilia, akaenda Philadelphia, na mwaka 1865 akaanzisha kazi yake na dola 100 tu. Akatoa kofia aliyoiita Boss of the Plains, akatuma mifano kwa wauzaji wa magharibi, na maombi yakamiminika. Kiwanda kikakua. Akawajengea watumishi hospitali, akaweka chama cha kukopesha makuta ya kujenga nyumba. Alikufa mwaka 1906 kule Deland, Florida. Miaka 9 nyuma ya kifo chake, watumishi 5,400 walikuwa wanatoa kofia zaidi ya milioni 3 kwa mwaka.

Leo watu wanazitafuta kofia zile za zamani na kuzilipa bei kali. Namna gani wanajua umri wake? Wanafunua ule mkanda wa ngozi wa ndani, unaogusa paji la uso. Kwenye mkanda kuna jina la kompani na la mji. Kiwanda cha Philadelphia kilifungwa mwaka 1971, basi kofia iliyotengenezwa humo si ya juzi. Nyuma ya mkanda, katika kofia nyingi za Marekani, kuna kikaratasi kidogo: alama ya sendika ya mafundi. Mwaka 1934 sendika ya mafundi wa kofia iliungana na ile ya washonaji wa kofia za kitambaa na za wanawake, jina likabadilika. Kikaratasi chenye jina la muungano kinasema kwamba kofia ni ya 1934 ao nyuma yake. Ndugu watumishi, angalieni: sendika ndiyo inatoa ushuhuda wa umri.

Na umri huo si mambo ya bei peke yake. Katika viwanda vya kofia vya siku hizo, manyoya yalipakwa dawa yenye zebaki ili yashikamane haraka. Ndiyo ile ile merkire ya machimbo yetu. Mafundi walivuta mvuke wake miaka na miaka. Mikono ikatetemeka, meno yakang'oka, akili ikayumba, mtu akaogopa hata kusemeshwa. Kule mji wa Danbury, uliojaa viwanda vya kofia, ugonjwa huo ulipewa jina la mji. Marekani ilikataza zebaki katika kazi ya kofia mwaka 1941 tu. Kwa hiyo kofia ya felti iliyotengenezwa mbele ya mwaka ule inaweza kuwa ingali na sumu ndani. Ukiipata katika mitumba ya Kadutu, usimpe mtoto achezee.

Stetson, kule kambini, alitumia manyoya, maji na moto. Sumu ilikuwa ya viwanda, pahali haraka na faida vilipotangulia mapafu ya mtu. Kamituga leo tunaona mchimbaji anachanganya zahabu na merkire, kisha anaichoma jikoni, ndani ya sufuria ambamo mama atapikia ugali. Tunaomba mambo mawili: kuchoma kufanywe inje, mbali na nyumba, katika chombo kilichofungwa chenye bomba la kurudisha mvuke, na wenye kununua zahabu wachangie bei ya vyombo hivyo. Mafundi wa kofia walitetemeka miaka mingi mbele ya kusikilizwa. Sisi tusingoje mikono yetu ianze.