Mhandisi aliyeondoa uvundo na kipindupindu London

JOSEPH Bazalgette alizaliwa mwaka wa 1819 huko Enfield, kaskazini mwa London, babake akiwa afisa wa jeshi la wanamaji mwenye asili ya Kifaransa. Alisomea uhandisi, na kazi nyingi za reli zikamfanya augue angali kijana.

Mnamo 1856 aliteuliwa mhandisi mkuu wa bodi iliyosimamia ujenzi jijini humo. Wakati huo kinyesi cha jiji kilimwagwa katika mto Thames, ambamo wakazi wengi walipata maji ya kunywa. Kipindupindu kilikuwa kimeua zaidi ya watu 14,000 katika miaka ya 1848 na 1849. Hata hivyo, wabunge hawakushtuka hadi kiangazi cha 1858, uvundo ulipowafikia wao wenyewe Bungeni, kando ya mto. Fedha zikatolewa upesi.

Bazalgette na maafisa wake walichora mitaro mikuu ya chini ya ardhi yenye urefu wa kilomita 132 hivi, ikajengwa kwa matofali zaidi ya milioni 300. Palipokuwa na bonde, majitaka yalilazimika kupandishwa kwa mitambo ya mvuke. Kituo cha Crossness kilifunguliwa 1865. Kile cha Abbey Mills, alichokichora pamoja na Edmund Cooper na Charles Driver, kina kuba na nakshi za chuma hata mgeni angedhani ni kanisa.

Lakini Abbey Mills kilikamilika 1868, na kuchelewa huko kuligharimu maisha. Mwaka wa 1866 kipindupindu kilirejea, kikaua zaidi ya watu 5,000, wengi wao mashariki mwa London, eneo ambalo lilikuwa bado halijaunganishwa na mitaro hiyo. Kwingineko vifo vilikuwa vichache.

Ajabu ni kwamba mitaro hiyo ilibuniwa wakati ambapo wengi waliamini maradhi huletwa na hewa chafu. Nadharia ilikuwa potovu, ila kazi yenyewe ilitenga kinyesi na maji ya kunywa. London haikukumbwa tena na mkurupuko mkubwa wa kipindupindu.

Bazalgette alitunukiwa cheo cha Sir, akastaafu 1889 na kufariki Machi 15, 1891. Mitaro yake ingali inatumika. Crossness imegeuzwa makumbusho.