JOSEPH KIWELE, MTOTO WA MPALA



Mabishano ya kwaya yetu kila mtu anayajua. Wapiga gita wanawadharau wapiga ngoma. Mwenye kujua kinanda anakataa kushika chombo kingine, juu anaogopa kuharibu mikono. Kwa hiyo leo tunawaeleza maisha ya Joseph Kiwele, mtu wa hapa hapa kwetu. Yeye alikuwa Mkatoliki na sisi ni Waprotestanti, lakini mwalimu mwema anasikilizwa na wote.

Kiwele alizaliwa Mpala mwaka 1912. Mpala ilikuwa tayari misioni ya zamani. Kapteni Storms alijenga boma hapa kando ya ziwa mwaka 1883, na mwaka 1885 boma likapita mikononi mwa Mapadri Weupe. Basi mtoto wa Mpala alikua kati ya sauti mbili: kijijini ngoma, kanisani nyimbo za Kilatini. Wengi waliambiwa wachague moja na kuacha nyingine.

Alipokuwa kijana aliingia seminari ya Mapadri hao, upande wa Baudouinville, ambayo leo tunaiita Moba. Huko njo alijifunza kusoma nota na kupiga kinanda. Hakufika upadri. Alikwenda ku Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akawa mpiga kinanda wa kanisa, mwalimu wa muziki, kiongozi wa kwaya na mtunzi wa nyimbo.

Sasa tuangalie kidogo kazi hiyo, maana si rahisi. Kinanda cha misioni kinapumua kwa miguu: ukiacha kukanyaga, sauti inakufa, hata kama vidole vingali juu. Kinanda kikubwa cha mabomba kina safu nyingine ya funguo chini, miguu nayo inapiga wimbo wake. Piano iko namna nyingine tena: nyundo ndogo zinagonga nyuzi. Ukigusa polepole inalia polepole, ukigonga kwa nguvu inalia kwa nguvu. Kwenye kinanda cha mabomba hata ukigonga kwa hasira, sauti ni ile ile. Kwa hiyo anayetoka chombo kimoja kwenda cha pili anabeba mali yake, ndiyo nota, hesabu ya mapigo na masikio. Lakini tabia fulani ya mkono anapaswa kuiacha mlangoni, aanze kama mtoto. Hapo ndipo wengi wanashindwa, kwa sababu ya haya. Mtu aliyezoea kusifiwa hapendi kuonekana mjinga tena.

Kiwele hakufungwa na kile alichofundishwa seminarini. Alijua muziki wa Ulaya sawasawa, kisha akarudia nyimbo za watu wake na kuzifanya shule ya pili. Tunda lake ni Messe katangaise, yaani Misa ya Katanga, ambamo maneno ya Kilatini yanaimbwa kwa namna ya Kiafrika. Aliitunga kabla ya Missa Luba ya Kamina, ile ya mwaka 1958 na Padri Guido Haazen, iliyosikiwa dunia nzima. Wengi wanaijua ile ya Kamina, lakini ya mtoto wa Mpala hawaijui. Alitunga pia mchezo wa kuimba unaoitwa Chura na Nyoka.

Mwaka 1960 Katanga ilijitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe. Kiwele akawekwa waziri wa elimu, naye ndiye aliyetunga wimbo wa taifa la Katanga, La Katangaise. Hatuwezi kuficha jambo hili. Ulikuwa wakati wa vita, na damu ya watu wengi ilimwagika. Yeye mwenyewe hakuona mwisho wake: alikufa mwaka 1961, hajafikisha miaka hamsini. Katanga ile ikaanguka Januari 1963, na wimbo wake ukakosa nchi ya kuimbiwa. Mkono uliotunga Misa ndio uliotunga wimbo ule. Chombo hakichagui kazi, anayechagua ni mwenye kukipiga.

Ndugu zangu, tunamkumbuka Kiwele kwa sababu alikubali kuwa mwanafunzi mara mbili: mara moja mbele ya kinanda cha wageni, mara nyingine mbele ya nyimbo za wazee wake. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana alikuwa amekwisha kuitwa fundi.

Basi, mpiga gita, juma hili kaa chini karibu na mpiga ngoma, umwombe akuonyeshe. Atacheka kidogo. Mwache acheke, kesho atakuomba umfundishe gita.