Mtakatifu Teresa wa Avila: Mtawa Aliyeongoka Akiwa Monasterini



Nimesoma falsafa, na hoja za Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba Mungu yupo nazikubali kabisa. Lakini mtu anaweza kukubali kwamba Mungu yupo na bado asiongee naye. Yaani anaamini, ila moyo uko kwingine. Anatokaje hapo? Nikijiuliza hivyo, namkimbilia Mtakatifu Teresa wa Avila.

Teresa alizaliwa Hispania tarehe 28 Machi 1515. Mwaka 1535, akiwa na miaka 20, aliingia monasteri ya Wakarmeli ya Umwilisho pale Avila, ingawa baba yake hakutaka. Ungedhani safari yake ya uongofu imeishia hapo. Wapi! Ilikuwa bado mbichi.

Mwaka 1539 aliugua vibaya, akapoteza fahamu siku kama nne, hata kaburi lake likachimbwa. Alizinduka, lakini alibaki amepooza karibu miaka 3. Alipopata nafuu, wageni wakawa hawakatiki. Teresa alikuwa mcheshi, watu walipenda kukaa naye na kupiga stori. Hakuwa na maovu makubwa. Moyo wake tu uligawanyika. Akisali, mawazo yako kwa wageni. Akiwa na wageni, dhamiri inamsuta.

Ikafika mahali akaacha kabisa sala ya moyoni, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kisa? Alijiona hastahili kumkaribia Mungu. Aliuona huo ni unyenyekevu, kumbe ni mtego, na baadaye aliandika wazi kwamba kilikuwa kishawishi kibaya sana. Baba yake alipofariki mwaka 1543, padre Mdominikani aliyekuwa muungamishi wa mzee huyo alimshauri arudi kwenye sala. Akarudi. Lakini vuta nikuvute ikaendelea miaka mingine kumi na zaidi.

Basi mwaka 1554, akiwa na miaka 39, aliingia mahali pa kusali akakuta sanamu ya Yesu mwenye majeraha, iliyoletwa kwa ajili ya sikukuu. Aliitazama, akaanguka chini akilia, akamwambia Bwana hatainuka mpaka amsaidie.

Nini kilibadilika? Kanuni ya Imani aliyoikiri ilikuwa ile ile. Ila mwanzoni alikuwa anazitegemea nguvu zake: ajirekebishe kwanza, ndipo amsogelee Mungu. Siku ile aliacha kujitumainia, akamwachia Yesu kazi. Kwangu mimi, hapo ndipo imani inageuka kuwa uongofu.

Matunda yake tunayajua. Mwaka 1562 alianzisha monasteri ya Mtakatifu Yosefu pale Avila, na hadi anafariki mwaka 1582 zilikuwa 17. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Kijana mwenzangu, uko kwaya, uko VIWAWA, Misa ya Jumapili hukosi. Vizuri sana. Lakini kama umeacha kuongea na Yesu kwa sababu unajiona mchafu, usisubiri utakate kwanza. Leo usiku weka simu mbali, kaa dakika tano mbele ya msalaba, umwambie ulivyo. Kisha tafuta padre, ukaungame.

Mtakatifu Teresa wa Avila, utuombee.